Usingizi wa Mang'amung'amu

Bili ya umeme ya Januari ilikuja na tarakimu
iliyonifanya nivae miwani mara ya pili.
Nikaizunguka nyumba kama mpelelezi:
friji haina hatia,
sauna yetu ni ya kuni, haihusiki.
Nikainama chini ya ngazi. Pale, juu ya ndoo
ya rangi iliyokauka, kompyuta ya baba
inanguruma mchana na usiku,
haijaambiwa kwamba mwenyewe kazikwa.

Ndani ya diski yake mna unene wa barafu.
Miaka thelathini na mmoja, majira ya baridi yote,
Tauno Kärki alitoboa ziwa la Kemijärvi,
akateremsha rula, akarudi, akaandika.
*Sentimita arobaini na mbili. Upepo.*
Kwake yeye hiyo ilikuwa barua ndefu.

Nikafungua dirisha jeusi, lile lisilo na picha
wala kitufe cha kumbembeleza mgeni.
Sakinisha, nikaandika, na jina la kiprogramu
kinacholaza diski zisizo na kazi.
Ikataka nywila. Nikaiandika kipofu,
maana pale herufi hazionekani, hata nukta.
Mistari ikashuka mbio:
inasoma, inapakua, inafungua, tayari.
Sekunde nne.
Kumzika baba kulichukua wiki tatu,
ardhi ilikuwa chuma.

Nikaipa amri: dakika kumi bila kazi, lala.
Zikapita. Ngurumo ikawa mluzi,
mluzi ukawa pumzi,
na pumzi ikakatika.
Nikaisikia saa ya jikoni. Sikujua ina sauti.

Nilidhani italala usingizi wa pono.
Saa nane usiku: tk.
Mkwaruzo, kisha sahani zikaanza kuzunguka
kama mtu aliyeitwa jina katikati ya ndoto.
Dakika kumi, kimya. Dakika saba, tk.
Kimya. Tk.
Nani huyu anayeiamsha?
Nikapekua kumbukumbu za mfumo, mstari kwa mstari,
nikamkamata mwizi: mimi.
Kipimajoto nilichokifunga dirishani mwezi wa kumi
kila baada ya dakika kumi na saba kinabisha hodi
ili kiweke namba moja tu.
Hasi ishirini na sita.
Hasi ishirini na sita.
Hasi ishirini na sita.

Jirani yangu Oiva, fundi wa matrekta,
alikunywa kahawa yangu akasikiliza ukutani.
"Injini haichoshwi na mwendo," akasema,
"inachoshwa na kuwashwa."
Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili:
siku tisa, kuamshwa mara mia saba sitini na mbili.
Nilichookoa: senti nane.
Kwa senti nane nilikuwa nauza ziwa zima.

Ondoa, nikaandika, pamoja na mipangilio yake yote.
*Kilobaiti mia moja themanini na nne zitaachwa huru.
Uendelee? N/H*
Ndiyo. Ndiyo, tafadhali.

Dakika kumi zikapita, na diski ikalala.
Programu haipo, nimeitafuta, haipo,
lakini diski imekariri somo:
mwalimu kafukuzwa, mwanafunzi bado kafumba macho.
Hilo hakuna aliyenionya.
Kuna tabia haziondoki kwa amri,
mpaka uzikatie umeme.

Basi nikaizima taratibu, nikapiga magoti
kwenye vumbi na soksi zisizo na wenzake,
nikachomoa plagi, nikahesabu hadi thelathini.
Ishirini na tisa niliirudia. Niliogopa.

Nikachomeka.
Kwanza hakuna. Kisha mluzi, kisha ile ngurumo
inayotetemesha mpini wa ndoo.
Kipimajoto kikabisha hodi, kikakuta mlango wazi.
Hasi ishirini na tano.
Nikafungua faili, na mbele ya namba ile
nikaandika kwa mkono wangu: *Upepo.*

Bili ya Februari imefika. Iko mezani.
Bado sijaifungua.