Munisi, S Moja

Saa nane usiku, Majengo. Umeme umerudi,
feni imeanza kukohoa,
na kompyuta inaniuliza kama nina uhakika.

Muhtasari usizidi maneno mia mbili na hamsini.
Masika mawili na vuli moja
nimezisokota, nimezikamua kama shuka,
zikabaki mia mbili arobaini na tisa.
Yaliyodondoka chini: baridi, ruba, kicheko,
na ndizi za kuchoma tulizokula bila chumvi
tukingoja giza liive.

Chura mwenyewe nimemlaza kwa herufi za mlazo,
jenasi kwa kubwa, spishi kwa ndogo.
Kule Nronga, mferejini, hajui kulala hivyo.
Aikande humwita yule-anayelia-kama-mlango.

Jedwali la pili: usiku sitini na mmoja, vituo vinne.
Tarehe kumi na nne Aprili nimeweka kistari,
chini yake, kwa maandishi ya sisimizi:
data hazikupatikana.
Hazikupatikana kwa kuwa Aikande alikesha matangani kwa dada yake.
Kesho yake wakazika saa tisa,
saa moja jioni akatokea na tochi,
buti zina udongo wa kaburi.
"Jana sikuhesabu," akasema. "Usije ukajaza."
Sikujaza.
Mhakiki wa pili atauliza. Siku zote ni yule wa pili.

Sasa majina.
La kwanza langu.
La pili la profesa, aliyepanda Machame mara moja,
akasifu hewa, akashuka.
Kwenye simu amesema: "Huyo mama mweke kwenye shukrani,
ndipo mahali pake. Hata dereva yumo."

Nimemweka kwenye shukrani.
Nimemtoa.
Nimemrudisha, nimekwenda kunywa maji, nimemtoa.

Kwa sababu nani aliniambia, mimi na digrii zangu mbili,
kwamba chura hawanyamazi kwa ukame?
Nilikuwa na grafu nzuri ya ukame. Ilikuwa na rangi.
Yeye, ameinama anaziba maji kwa mgomba na tope,
akasema bila kugeuka: "Leo Alhamisi.
Maji ni ya wale wa juu. Sikiliza."
Nikasikiliza.
Kimya kilitushukia kituo kwa kituo, kwa zamu,
kama mtu anayezima taa za nyumba yake.
Ile sentensi inayoanza *Tunapendekeza kwamba*
ilizaliwa pale, na aliyeizaa alikuwa amekunja kitenge magotini.

Jina la tatu, basi. Fomu imefunguka.
Cheo: ninachagua Bi.
Taasisi: nyota nyekundu, lazima.
Naacha wazi, inakataa.
Naandika *hakuna*, inasema haitambui *hakuna*.
Naandika: Kamati ya Mfereji, Nronga, Machame.
Inafikiri.
Inakubali.

Mchana nilimpigia kuomba ridhaa.
Barua pepe hana, niweke ya Neema wa duka la dawa.
Akauliza jina lake litafika wapi.
Nikasema, kwa watu wasiotujua.
"Basi liandike sawasawa. Munisi, s moja.
Wenye mbili ni wale wa ng'ambo ya mto,
na wale maji yao hawachungi."

Mgongano wa maslahi: nasita.
Nilikula kwake mara arobaini.
Naandika hakuna. Hapa *hakuna* inatambulika.

Bado profesa ataamka, ataona majina,
atapiga simu kabla ya chai.
Bonyeza.
Asilimia tisini na mbili, kifurushi kinakata.
Nakopa salio. Bonyeza tena.

*Muswada wako umepokelewa.
Uamuzi: wiki nane hadi kumi na mbili.*
Alhamisi nane hadi kumi na mbili, kwa kalenda ya Aikande.

Mvua imeanza juu ya bati.
Nyuma ya choo, kwenye mtaro wa maji machafu,
kuna mmoja analia, spishi ya kawaida kabisa,
nje ya eneo la utafiti.
Nachukua kalamu.
Mmoja.