Misumari Kumi na Mmoja

Tulibandika tangazo kwenye kioo cha duka la mikate:
TUNAHITAJI MIKONO. ALHAMISI, SAA KUMI JIONI.
Mikono tu, ndivyo nilivyoandika,
kana kwamba mikono huja peke yake,
imeacha nyumbani mgongo, miguu na moyo wa mtu.

Wakaja kumi na mmoja.
Nilifurahi hadi nikasahau kuwauliza majina.
Sufuria ya lita mia, dengu zinatokota,
foleni imeshafika kwenye kona ya kinyozi,
na upepo wa Julai unapanda mlima wa Cerro
kama mtu anayedai deni.
Wewe, vitunguu. Wewe, karoti. Wewe, simama pale.

Kufika Septemba walibaki wanne.
Nikalaumu baridi. Nikalaumu mpira.
Nikalaumu vijana na simu zao,
nikalaumu serikali, maana yenyewe haichoki kulaumiwa.
Dada yangu Ofelia, anayemenya viazi bila kutazama kisu,
akasema: Nélida, wapigie.
Usiwaombe warudi. Waulize tu.

Basi nikakaa na daftari,
kibuyu cha mate kikinipoea mkononi.

Elbio alisema: wiki saba, vitunguu.
Wiki saba nimelia mbele ya watu nisiowajua.
Mwalimu Zulma alidhani tumejitosheleza,
kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia
wiki ijayo usikose.
Mmoja alikuwa amejifungua. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu.
Miezi miwili alisimama kando yangu akichuja mchele
nami sikuona ila mchele.
Mmoja alikata simu.
Na Washington Pereyra, dereva wa basi mstaafu,
alinyamaza kwanza, nikasikia redio yake,
kisha: Bibi, niliuliza mara tatu niweke wapi koti langu.
Mara ya tatu nikalivaa, nikaenda.

Koti.

Nilikuwa nimeagiza vyeti vyenye muhuri wa dhahabu
nivigawe mwisho wa mwaka, na hotuba juu yake.
Mtu alikuwa anatafuta msumari.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi nilimpa jembe mlangoni,
na pa kuketi sikumwonyesha.

Nikanunua misumari kumi na mmoja,
nikaipigilia kwenye ukuta wa klabu ya bocha
wanakotuazima jiko. Miwili ikapinda.
Chini ya kila mmoja nikaandika jina kwa mkaa,
hata majina ya waliokwenda,
hata la yule aliyekata simu.
Siku hizi kabla ya kumpa mtu kisu namuuliza:
nini kinakuchosha? Nani anakungoja nyumbani?
Asipotokea namtafuta kabla dengu hazijaiva.
Si kumkemea. Kumtafuta.
Wengine wanaona usumbufu, na wana haki yao.

Washington amerudi.
Foleni ikikwama anaita vituo vya basi lake la zamani,
kimoja kimoja, kwa sauti ya kazini,
na watu wanacheka, wanasogea mbele.
Zulma huja akiweza, na akiweza ni mara moja kwa mwezi.
Nimejifunza kutoihesabu hiyo kuwa ni kidogo.
Elbio hakurudi. Msumari wake upo.

Alhamisi iliyopita kijana mmoja alitoka kwenye foleni,
bakuli tupu kwapani,
akavua jaketi, akalitundika kwa Elbio
bila kuomba ruhusa wala kusoma jina.
Nikamuuliza: karoti au viazi?

Sijui kupika, akasema,
lakini hilo jiko lenu linavuja gesi.

Tukasimama sote, vijiko hewani, tukinusa.
Miezi mitano.
Tulidhani ni vitunguu.