Mbuzi Nyuma ya Kioo

Mlangoni Lali anatukatia tiketi mbili za wenyeji
na kumwomba shangazi Barke kitambulisho.
"Kitambulisho changu ni pua hii," anasema,
"ya kina Famau. Kamuulize babako."
Anapita. Mimi nalipa.

Mbele ya siwa hasimami.
Siwa ni ya mabwana, hakuwahi kuisikia ikilia.
Anasimama penye kabati la vyombo vya jikoni:
kata, upawa, kifumbu kilichokauka,
na mbuzi, ulimi wake wa chuma umeelekea ukutani
kama mtoto aliyekemewa,
na kikaratasi: Ilitumika zamani kukunia nazi.

Anasoma mara mbili, kidole juu ya kioo.
"Ilitumika.
Zamani."
Anageuka.
"Mwanangu, mimi nimekufa lini
nanyi hamkunambia?
Yeo asubuhi nimekuna mbili,
machicha nikawatupia kuku wa jirani."

Lali anacheka, kisha anaacha kucheka.
Anachomoa kalamu mfukoni kama anayetaka kusahihisha,
anaitazama, anairudisha.

Ghorofani, kitanda cha arusi kimetandikwa
na hakuna wa kukilalia.
Safu kwa safu, zidaka tupu.
"Zidaka hazikai tupu," ananong'ona.
"Tupu ni za nyumba yenye msiba."
Anataka kutoka.

Tunashika kichochoro hadi ngomeni.
Yeye hasemi ngome. Husema gereza,
kama wote wa rika lake.

Uani vijana wanapanga viti vya plastiki.
Kesho usiku kuna mchezo wa kuigiza,
wameshaleta taa, na sultani wa kadibodi
ameegemezwa kwenye ngazi, hana mkono mmoja.
Kijana mwenye fulana ya kijani anapiga kofi katikati ya ua
kujaribu sauti:
kofi linapanda, linazunguka roshani pande zote,
linarudi limekuwa mawili.

Shangazi anatazama mlango wa tatu, mkono wa kushoto.
"Shekuwe alikuwa mle.
Miezi tisa. Boriti za mikoko, bila kibali."

Hili lilikuwa halijapata kusemwa nyumbani kwetu.

Siku za kuonana zilikuwa chache
na barua zilisomwa kwanza na askari.
Basi kila asubuhi alipita nje, upande wa soko,
kichwani sufuria isiyo na kitu,
akinadi: Mbaazi! Mbaazi za nazi!
Maana yake: mama yu hai.
Maana yake: mama ameamka, ameswali, amekuuliza.
Wachuuzi walimwita wanunue,
akajifanya kiziwi.

"Siku mama alipofariki
nilipita na sufuria ile ile.
Nikatafuta chakula cha kunadi.
Sikukipata."

Alipita kimya, toka kona hadi kona,
na Shekuwe mle ndani
akakisikia kimya hicho neno kwa neno.

Sasa amesimama pale kofi lilipopigwa,
buibui amelikusanya mkononi,
anakohoa kidogo, kama anayebisha hodi:
"Mbaazi!"

Miaka sabini na mitatu ndani ya koo moja.
Matumbawe ya ukuta hayakatai kitu,
yanaipokea sauti, yanaipandisha,
yanairudisha nzima, na utetemezi wake.
Mlango wa tatu uko wazi.
Ndani mna mafagio na ndoo ya chokaa.

Kutoka roshani, kijana wa fulana ya kijani anachungulia:
"Za bei gani, bibi?"

Wenzake wanacheka. Shangazi anaangalia juu,
muda mrefu, mkono umekinga jua.
"Zimepoa," anamjibu.
"Zimepoa zamani."

Nje, ukutani pa ngome, tunanunua mbaazi na mahamri
kwa mama mmoja aliyekalia ndoo.
Shangazi anaonja, anakunja uso,
anaonja tena ili awe na hakika.
"Nazi ya mashine hii.
Rudi kamwambie yule Lali
afungue kabati."