Kifutio

Gazeti la kwao limemzika kwa safu tatu:
jumba la muziki lenye paa kama kitabu kilichofunuliwa,
benki ya vioo kando ya mto,
maktaba mbili, nishani,
mke, watoto, hata mbwa kwa jina lake.
Mjukuu wangu ananisomea kwenye simu, anatafsiri, anaruka.
"Handali haimo, babu."
"Angalia tena."
"Haimo."

Basi niiandike mimi niliyemshikia futikamba.

Alifika mwaka wa sabini na sita, kiangazi,
makao makuu bado vigingi na kamba porini.
Jina lake Ainscough. Tulilitafuna, likatushinda,
tukamwita Askofu,
na wanawake wawili wakamletea wachanga awawekee mkono.
Aliwawekea. Shingo yake ilikuwa imeiva kwa jua.

Zahanati aliichora usiku, kwa karabai:
vyumba vinne, baraza,
na wodi ya wazazi yenye dirisha pana la mashariki,
ili mama, alisema, ajifungue akiona jua nalo linazaliwa.
Maneno mazuri. Niliyatafsiri vizuri.

Mama Chilongani alikuwa amechuchumaa na udongo wake,
mkandika tembe tangu hajavunja ungo.
Karatasi hakuitazama.
Alichota vumbi, akalirusha juu,
sote tukaliangalia linakokwenda.
"Mwezi wa nane upepo unatokea huko huko kwenye jua lake.
Mtoto wa siku moja ataanza kwa kula mchanga.
Tembe yangu imeupa upepo kisogo. Mwambie."

Nilimwambia nusu. Nusu niliiogopa.
"Na iliyobaki?" akauliza.

Sikuwahi kuyaona majumba yake ya vioo.
Nilimwona akipiga magoti,
akitoa kifutio mfuko wa shati,
akifuta ukuta mzima wa mashariki,
akipuliza makombo,
kisha akimsogezea mama yule penseli.
Hakuipokea. Alichora kwa kidole, chini, karibu na kiatu cha mgeni:
ukuta mnene, matundu madogo juu, mlango magharibi.
Askofu akanakili,
ulimi nje, kama mtoto wa darasa la pili.

Humo wamezaliwa wengi, sina hesabu.
Mmoja ndiye huyu mwenye simu.
Juzijuzi halmashauri wameutoboa ule ukuta,
wameweka dirisha la alumini, la kisasa, wakapiga picha.
Wauguzi wameliziba kwa kanga na misumari.

Kifutio aliniachia siku ya kuondoka,
bila hotuba, kama mtu anayerudisha kiberiti.
Sasa kigumu, kama kokwa.
Mjukuu alikijaribu kwenye hesabu zake:
hakifuti tena, kinapaka weusi tu.

Nikamwambia akirudishe alipokitoa.