Sentimita Nne

Simama kwa mguu mmoja, Koplo Myrvang,
mikono kiunoni, macho yabaki ukutani.
Ule mwingine unyooshe mbele hadi utakapofika,
usiukanyagie, uguse tu,
kama anayeonja joto la maji ya kuoga.

Nimepiga magoti sakafuni na utepe wangu.
Akisimamia wa kulia: sitini na saba.
Akisimamia wa kushoto: sitini na tatu.
Sentimita nne.
Upana wa kibiriti.

Nje ni Setermoen, mwisho wa Januari.
Jua limerudi juzi na bado lina haya,
linachungulia mlimani, linaondoka bila kuaga.
Kikosi kinapita na skii mabegani.
Anakitazama
kama mtoto aliyefungiwa ndani siku ya sikukuu.

Fomu inauliza: maumivu, sifuri hadi kumi?
"Sifuri," kabla sijamaliza.
Ningemwamini zaidi angesema moja.

Swali la kumi na mbili ndilo zito:
umewahi kuumia?
Miaka yote hii ya kupima nyonga na vifundo,
kuhesabu miruko, kuhesabu pumzi,
na kinachotabiri jeraha kuliko vyote
ni jeraha.
Mwenye kovu usidhani kapoa,
na mlango huu
hauingiliwi na asiye na kovu.

Kompyuta inatafuna namba zetu, inatema moja:
thelathini na nane kwa mia, ndani ya mwaka.
Imeipaka manjano.
"Maana yake nini?"
Maana yake, watu mia wenye goti kama lako
wakirudi kazini leo,
thelathini na wanane watalala tena kitanda hiki.
Anafikiri. Anavuta kiatu.
"Na mimi ni wa ngapi kwenye foleni?"

Sina jibu.
Kano haikatiki kwa asilimia.
Siku hiyo itakatika, au jioni atavua soksi
na kuulizia chakula.

Kapteni Tveiten amepiga simu mara mbili.
Ijumaa ni kilomita arobaini, hana mtu wa redio.
"Nipe ndiyo au hapana," anasema,
"usinipe utabiri wa hali ya hewa."

Ninayoyajua hayana kisanduku cha kutiwa alama:
kwamba huziba pumzi akiinama kufunga kamba;
kwamba kisigino cha kiatu cha kulia kimelika,
na cha kushoto bado kinasomeka jina la kiwanda;
kwamba alilia mara moja tu, mwezi wa tisa,
wala si kwa uchungu:
kitanda chake bwenini
walikuwa wamempa mwingine.

Naandika: wiki tatu zaidi.
Nafuta.
Naandika: arudi, ila asibebe mzigo.
Na redio ataibeba nani, theluji?
Nafuta.

Anapiga saluti ya utani, anatoka.
Dirishani namwona akishuka ngazi za barafu
akitanguliza mguu mzima,
ili ule wa kushoto ubaki juu, ukunjike,
ushushe uzito wote peke yake,
taratibu, kwa madaha,
kwa kuwa anajua natazama.

Kisha kona ya ghala inamficha.

Saa tisa, giza tayari,
navaa koti, nafuata njia yake.
Hadi konani nyayo ni pacha.
Baada ya kona, ya kulia imezama,
na ya kushoto iko juu juu tu,
kama ya mgeni kwenye zulia la watu.
Hatua moja ndefu, moja fupi.
Moja ndefu, moja fupi,
mpaka mlango wa bweni.

Nachuchumaa. Natoa utepe.
Mfukoni simu inaita.