Wenzo

Vizma aliupata kwenye karakana ya tramu, Riga:
wenzo uliostaafishwa,
mpini umelika kwa viganja vya watu asiowajua.
Waliupima kwa kilo, akaulipia bei ya chuma chakavu.

Jikoni, kati ya mkebe wa chumvi na risasi ya kulehemu,
akaufunga kihisi, nyaya tatu,
na kompyuta isiyozidi kiberiti.
Akasukuma, sauti ikapanda.
Akavuta, ikashuka.
Utiifu wa mbwa. Ukamchosha usiku uleule.

Miaka kumi na tisa ameendesha namba saba,
anajua kitu kizito hakisimami kwa kuambiwa.
Akaandika upya: sauti iwe na tani zake,
ukiikata izidi kuserereka,
ilie kwenye kona,
na chumba kikiwa baridi ichelewe, kama reli yenye barafu.
Mistari mia nne ya msimbo
ili chombo kijue kukataa.

Jumamosi, kiwanda cha zamani cha mpira, watu sitini na makoti yao.
Akasukuma polepole.
Ngurumo ikaanzia chini ya viatu,
ikakusanya mwendo, ikapita pale alipopanga ikome.
Akavuta; haikusikia.
Akavuta kwa mikono miwili.

Nyuma kabisa Arvīds, dereva mstaafu,
aliyekuja kwa kubembelezwa
na asiyeupenda muziki wa mashine,
alikuwa ameikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia,
kwa nguvu zake zote,
akitafuta breki.