Sheviki

Kwenye kompyuta ya ofisi yetu, Kongwa mjini,
jina hili limo mara kumi na moja.
Neema niliacha kuwahesabu kabla ya chai.
Sheviki ni kumi na moja tu,
na wa kwanza wao ndiye aliyemzaa mama yangu.

Bosi mmoja alikuja kutoka Dodoma, akainama kwenye kioo,
akaniuliza kama ni jina la Kirusi.
Nikasema, hapana mkuu, ni la trekta.

Ndahani, baba yake bibi, alikuwa mfyekaji
mwaka ule Wazungu walipoapa kwamba karanga zitaota hapa.
Walileta machuma, yakatembea mawili mawili,
mnyororo katikati,
vichaka vikilala nyuma yao kama nywele zilizochanwa.
Karanga zilikataa.
Kiangazi udongo ukawa saruji, nyuki wakawafukuza madereva,
na chuma kimoja kikazimika nyuma ya tembe ya Ndahani
usiku uleule mkewe aliposhikwa na uchungu.

Mzazi alitaka Sechelela.
Mama mkwe akasema: Sechelela wako watatu chini ya paa hili,
ukiita mmoja, uji unaisha.

Ndahani akatoka nje na kibatari.
Ubavuni mwa chuma palikuwa na herufi nane.
Hakujua kusoma. Kulipokucha, karani alimsomea,
karani mwenye mafua,
na herufi mbili zikapotelea puani.

Ndiyo asili yake. Kigogo hakilijui,
Kiswahili kinaliangalia tu.
Nasikia hata kwa wenyewe ni viraka viwili,
nusu kiwanda, nusu kifaru cha vita.
Mchungaji hakukubali kulimwagia maji.
Akambatiza bibi Yudita,
na Yudita akabaki kulekule kanisani, ndani ya daftari,
hakuwahi kufika nyumbani.

Watoto wenzake walimwita kwa kuunguruma.
Bibi akiitika.
Chuma nacho kikaliwa na kutu, wahunzi wakakigawana,
nusu ya majembe ya kitongoji ni somo zake.

Mimi simo kati ya wale kumi na moja.
Mama aliniita Gresi, kwa ajili ya shule.
Kina Gresi wamejaa wilaya hii kama mbigili,
darasani nilikuwa Gresi wa tatu, dirishani.

Hawa wengine wametoka wapi, sijui.
Wajukuu wawili, sawa. Binti wa jirani, sawa.
Lakini yule wa Hogoro? Yule wa Mlali
aliyeandikwa kwa z, nikamwacha na z yake?
Hakuna redio iliyowahi kulitaja.
Bibi hakuwa mkunga, wala diwani.
Alilima uwele, akagombana na mbuzi za watu, akafa
mwezi wa palizi, jembe likiwa bado na udongo.

Juzi Jumanne akaja mama mmoja wa Pandambili, kichanga mgongoni.
Jina la mtoto?
Sheviki.
Kidole changu kikakaa juu ya herufi.
Umelitoa wapi, dada?

Mashineni, akasema, foleni ya kusaga.
Nilikuwa mdogo, debe kichwani.
Mtu alimwita bibi mmoja kwa jina hilo, toka mlangoni,
na yule bibi akaitika *beee!*
yaani aliitika, dada, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuitwa
tangu azaliwe.
Tukageuka wote. Msagaji mwenyewe aligeuka.
Nikasema, nikimpata wa kike,
nampa jina linaloitikwa vile.

Sikumwambia.
Koo langu lilikuwa na pumba.
Nikaandika, herufi saba,
kompyuta ikalipigia mstari mwekundu kama kawaida yake,
nikaubonyeza ukaondoka.

Kumi na mbili.

Alipomgeuza mtoto kumnyonyesha, niliinama dirishani
nikaliita polepole, mara moja.
Hakuitika. Ana wiki tatu.
Alicheua tu, akatazama taa.